Kukimbiza prosesa ya bei poa kwenye joto la Dar

"K ni ya Kariakoo, bosi."

Ndivyo alivyonijibu muuzaji nilipomuuliza ile herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa ina maana gani. Tukacheka, nikalipa, nikaondoka na Core i5-2500K kwenye mfuko wa shati nikijiona mjanja kuliko mji mzima. Usiku nikaipachika kwenye kompyuta ya ofisi niliyoinunua mtumba. Ikawaka vizuri. Nikaingia kwenye bayosi, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi, kutafuta mahali pa kuipandisha kasi, hapakuwa na mahali. Herufi K kwa kweli humaanisha prosesa ambayo kasi yake haijafungwa, na ile yangu ilikuwa K halali kabisa. Kilichofungwa ni bodi kuu inayobeba prosesa. Nikakaa nayo miezi kadhaa hivyo hivyo, farasi ndani ya banda la kuku, mpaka nilipopata bodi inayoifaa. Bodi hiyo peke yake ikanila hela nyingi kuliko prosesa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye bodi, halafu prosesa, halafu unakaa sana kwenye joto, maana hapa Dar joto ndilo lenye kauli ya mwisho.

Kasi inatoka wapi

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili. Ya kwanza ni mapigo ya msingi ya bodi, ambayo kwa Intel za kuanzia 2011 na kwa Ryzen za kampuni ya AMD ni MHz 100. Ya pili ni kizidishi. Kizidishi kikiwa 33 unapata MHz 3300, yaani GHz 3.3. Ukikipandisha hadi 42 umefika GHz 4.2. Ovaklokingi, ambayo humu nitaiita kukimbiza, ni kubadilisha namba hiyo na kuongeza umeme kidogo pale prosesa inapoanza kuyumba.

Sasa kwa nini kiwanda hakiuzi hiyo 4.2 tangu mwanzo? Fikiria embe zinazoshushwa sokoni. Mti ni mmoja, lakini mwenye mzigo anazichambua kwa mkono: hizi fungu la juu, hizi fungu la chini. Prosesa nazo hukatwa nyingi kwenye sahani moja ya silikoni, kisha hupimwa. Zinazovumilia kasi kubwa kwa voteji ndogo hupewa jina la bei kubwa. Ila wateja wa bei ndogo huwa wengi, na fungu la chini likipungua, embe nzuri nazo huhamishiwa humo. Anayekimbiza prosesa anawinda embe hizo.

Mchezo huu ni wa zamani. Celeron 300A ilitoka 1998 ikiwa na MHz 300 na mapigo ya bodi ya MHz 66. Watu waliihamishia kwenye mapigo ya 100 ikafika MHz 450, ikawa inakimbizana na Pentium II za bei mara kadhaa. Mwaka 2000 ikaja AMD Duron, ambayo kizidishi chake kilifunguliwa kwa penseli: unapaka risasi ya penseli kwenye vidaraja vidogo vilivyoko juu ya prosesa, umeme unapita, kufuli linafunguka. Siku hizi penseli haisaidii kitu. Watengenezaji waliziba mianya karibu yote na kutuachia milango michache waliyoichagua wenyewe, ndiyo maana lazima ujue majina.

Hatua ya kwanza: tafuta bodi

Bodi kuu, au mazabodi kama mafundi wanavyoiita, ina chipu inayoamua unaruhusiwa nini. Herufi na namba za chipu hiyo huwa zimeandikwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi kwa maandishi makubwa karibu na soketi, yaani pale prosesa inapokaa, au pale kadi ya picha inapoingia.

Upande wa Intel mara nyingi unataka herufi Z. Kwa soketi ya LGA1155, inayobeba kizazi cha pili na cha tatu (namba zinazoanza na 2 na 3, kama 2500K na 3570K), tafuta P67, Z68 au Z77. Kwa LGA1150, yaani kizazi cha nne, ni Z87 au Z97. Kwa LGA1151 ni Z170 na Z270 kwa kizazi cha sita na cha saba, kisha Z370 na Z390 kwa cha nane na cha tisa. Hapo pana mtego: bodi zote nne hizo zina soketi inayoitwa LGA1151, prosesa inaingia bila kulalamika, lakini kizazi cha nane hakiwaki kwenye Z170. Bodi za H61, H81, B75, B85 na jamaa zake ndizo zilizojaa mjini, na karibu zote hazikimbizi.

AMD wana roho nzuri zaidi. Kwa soketi ya AM4, bodi za B350, B450 na B550 zinaruhusu, pamoja na zote zinazoanza na X. Zinazokataa ni A320 na A520. Nikiulizwa leo na mtu mwenye hela ya kuunga, namwambia atafute B450 iliyotumika, hata kama prosesa hajaipata. Prosesa zitakuja.

Kompyuta za ofisi za kampuni kubwa, kama HP Compaq Elite 8300 na Dell OptiPlex 7010, zina chipu ya Q77. Hizo weka kando kabisa kwa kazi hii. Nitazirudia, maana zina faida yao.

Hatua ya pili: zijue prosesa zenye thamani

Core i5-2500K na kaka yake i7-2600K, zote za Januari 2011, bado ni wanyama. Kifuniko chao kimeunganishwa na silikoni kwa risasi ya kuchomelea, hivyo joto linatoka haraka. Kizazi kilichofuata, i5-3570K na i7-3770K, kina pesti (uji wa kupitisha joto) badala ya risasi chini ya kifuniko, na ingawa kinakula umeme mdogo kinachemka upesi ukikikimbiza. Kwa mji huu mimi naipenda 2500K kuliko 3570K, na najua kuna watakaonibishia.

Pentium G3258 ya 2014 ilitolewa kuadhimisha miaka 20 ya jina la Pentium. Ilianza kuuzwa kwa dola 72, kizidishi kiko wazi, na ikapata sifa kubwa kwa kupanda kutoka GHz 3.2 hadi 4.2 na zaidi. Inashawishi, lakini ina kori (vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu na nyuzi (njia za kazi zinazokwenda kwa pamoja) mbili tu. Kwa mhasibu inatosha. Kwa kijana anayetaka kucheza michezo mipya, hata ukiikimbiza mpaka itoke moshi, kori mbili ni mbili.

AMD FX, mfano FX-6300 ya 2012, zote ziko wazi. Zinapatikana kwa bei ya kutupa, na zinakula umeme kama pasi. Zinataka bodi yenye saketi nzuri za umeme. Ukiziweka kwenye bodi nyembamba ya bei rahisi, bodi ndiyo itakayochemka kwanza.

Mavuno yenyewe yako kwenye Ryzen, maana karibu zote hazikufungwa kizidishi. Ryzen 5 1600 ya 2017 ina kori 6 na nyuzi 12, kasi ya msingi GHz 3.2, na nyingi zinafika 3.7 au 3.8 kwenye kori zote bila ugomvi. Ryzen 5 2600 inafika mbele kidogo. Kumbuka tu kwamba Ryzen za AM4 zisizo na herufi G hazina picha za ndani, lazima uwe na kadi ya picha, la sivyo utawasha na skrini itabaki nyeusi uanze kumtukana muuzaji bure. Mwenye hela ndogo kabisa aangalie Athlon 3000G ya 2019, iliyoanza kwa dola 49. Iko wazi na picha zake ziko ndani.

Hatua ya tatu: kununua bila kulizwa

Kuna soko la aina tatu, na kila moja lina lugha yake.

La kwanza ni la kompyuta za mtumba zinazokuja kwa makontena, unazozikuta Kariakoo na kwenye maduka ya katikati ya mji. Mzigo wa aina hii umeongezeka, na sababu iko wazi: Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za chini ya kizazi cha nane wala Ryzen za mwanzo, na Microsoft walimaliza matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za nje zinaziondoa mashine nzima zikiwa bado na nguvu. Humo utapata i5 na i7 za kizazi cha nne, cha sita, cha saba, lakini K ni nadra, kwa sababu hakuna ofisi inayonunua K kwa ajili ya kuandika barua.

La pili ni la vijana wa michezo ya kompyuta wanaopandisha daraja. Hawa wanauza bodi, prosesa na RAM kwa pamoja, na hapa ndipo bei nzuri ilipo, maana kijana anataka hela ya kadi mpya leo jioni. Utawapata kupitia marafiki, Instagram, na makundi ya WhatsApp. Nunua seti nzima ikiwa inawaka mbele yako. Usikubali avunje seti akuuzie prosesa tu kisha uanze safari niliyoifanya mimi.

La tatu ni kuagiza China. Prosesa haina uzito, na mizigo ya ndege hutozwa kwa kilo, kwa hiyo ukiwa na mtu anayeagiza mzigo wake, kipande chako kinapenya humo bila kuongeza gharama ya maana. Lakini kikifika kibovu, cha kukirudisha hakuna.

Bei sizitaji hapa. Zinabadilika kila kontena likifunguliwa, na muuzaji akisoma mwongozo huu ataninukuu vibaya.

Ukifika dukani, fanya hivi. Soma kifuniko cha prosesa mwenyewe, kwa tochi ya simu, usisomewe. Kwa Intel, chini ya jina kuna msimbo mfupi unaoanza na herufi S. i5-2500K ni SR008, na i5-2500 ya kawaida isiyo na K ni SR00T. Kifuniko kilichosuguliwa mpaka maandishi hayaonekani, achana nacho. Kisha mwombe muuzaji aiwashe na ufungue programu ya CPU-Z kutoka kwenye flashi yako. Jina la kwenye kifuniko na jina la kwenye skrini yafanane.

"Kaka, hii tumeshaitesti, iko poa," atakuambia.

"Najua, bosi wangu. Niwashie tu na mimi nifurahi."

Lugha laini inafungua milango. Muuzaji anayekataa kuwasha mashine ana sababu yake.

Kwa Intel, pini ziko kwenye bodi. Inamisha bodi taa ipige kwa ubavu. Pini zikiwa sawa zinang'aa kama shamba la mpunga lililonyeshewa, na iliyopinda itaonekana kama doa. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1331, na adui yake ni fundi mwenye haraka. Pesti ikikauka, hitisinki (chuma cha kupoza kinachokaa juu ya prosesa) inang'oka na prosesa ikiwa imening'inia. Washa mashine dakika kumi ipate moto kwanza, izime, zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia, ndipo uinue.

Hatua ya nne: joto

Video nyingi utakazotazama zimepigwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Mtu anakuambia 2500K yake inakwenda GHz 4.5 kwa nyuzi 70 na unamwamini, naye hasemi uongo. Chumba chako cha Sinza, Februari, saa nane mchana, bati juu na pangaboi likizungusha hewa ile ile ya moto, kiko nyuzi 32 au 33. Tofauti hiyo inahamia moja kwa moja kwenye prosesa. Sabini yake ni themanini na kitu kwako, kabla hujagusa chochote.

Kwa hiyo usihesabu joto la prosesa peke yake. Chukua joto la prosesa ikiwa kazini, toa joto la chumba, uandike tofauti. Ukipima usiku chumba kikiwa nyuzi 26 na prosesa ikafika 70, tofauti ni 44. Mchana wa nyuzi 33 tegemea 77 au zaidi. Namba hiyo ya tofauti ndiyo utakayoitumia mwaka mzima, na ndiyo itakayokuambia kama hitisinki mpya ina maana au ni urembo.

Na joto halipandi sawasawa na kasi. Umeme unaoliwa unakwenda na kasi mara voteji mara voteji tena. Ukitoka GHz 3.3 kwenda 4.2 umeongeza kasi kwa asilimia 27, lakini kama ulipandisha voteji kutoka 1.20 hadi 1.30 ili kufika huko, moto umeongezeka kwa karibu nusu. GHz ya mwisho ndiyo ghali. Mtu anayeng'ang'ania kutoka 4.3 kwenda 4.5 analipa joto lote hilo kwa tofauti ambayo macho hayaioni.

Vifaa sasa. Hitisinki ndogo ya Intel inayokuja kwenye boksi, ile ya miguu minne ya plastiki, haifai kukimbiza kitu mjini hapa. Tafuta ya mnara yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120. Cooler Master Hyper 212 ni jina linalojulikana, na zilizotumika zipo, ila hakikisha zina vibano vya soketi yako kabla hujalipa, maana vibano ndivyo vinavyopotea. Ryzen 5 1600 nyingi zilikuja na hitisinki ya Wraith Spire, ambayo inatosha kwa kukimbiza kwa adabu.

Ondoa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa laini. Weka mpya kadiri ya punje ya mbaazi katikati, usipake kama siagi kwenye mkate. Kisha safisha vumbi. Nimewahi kufungua mashine ya jirani anayekaa kando ya barabara ya vumbi, nikakuta katikati ya feni na hitisinki pana blanketi zima. Nilipolitoa, joto likashuka kwa kiasi ambacho hakuna hitisinki mpya ingekileta. Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, waangalie na kutu, chumvi ya hewani inakula skrubu na beringi za feni. Kuacha ubavu wa kasha wazi na kuelekeza feni ya mezani kunapoza kweli, na kunaleta vumbi mara tatu, kwa hiyo ukichagua njia hiyo panga kusafisha kila baada ya wiki chache.

Hatua ya tano: umeme

Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 na nyepesi kama boksi la viberiti haina wati 500. Iinue mkononi, ilinganishe na nyingine. Uzito si kipimo cha maabara, lakini shaba na chuma havina njia ya kuwa vyepesi. Nyingine za mtumba kutoka Marekani zina swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Hapa kwetu ni 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu.

Usichomeke mashine unayoikimbiza kwenye soketi moja na friji. Friji ikiwaka inavuta umeme kwa ghafla, voteji inatikisika, na prosesa iliyokuwa ukingoni inaanguka, halafu unalaumu kizidishi. UPS ndogo inafaa, na inafaa zaidi kwenye jambo moja: kusasisha bayosi. Umeme ukikatika bayosi ikiwa katikati ya kuandikwa, bodi inaweza kufa pale pale. Mimi bila UPS bayosi siigusi, hata kama TANESCO hawajakata mwezi mzima.

Na luku? Tuseme umeongeza wati 50 na mashine inafanya kazi nzito saa 6 kwa siku. Kwa siku 30 hizo ni uniti 9. Ukiwa kwenye kundi la wateja wadogo, wanaotakiwa wasizidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 9 ni nyingi. Muulize anayelipa luku kabla hujaanza.

Hatua ya sita: kukimbiza kwenyewe

Hapa kazi ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia. Inataka subira tu, na daftari.

Anza bila kubadilisha kitu. Fungua HWiNFO ikuonyeshe joto na voteji, kisha endesha Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, mara tatu. Andika alama, joto la juu kabisa, voteji, na joto la chumba. Bila namba hizi za mwanzo huwezi kujua umepata nini, na utajidanganya kama sote tunavyojidanganya.

Ingia kwenye bayosi kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka. Tafuta mstari wa CPU Ratio, ambao ndio kizidishi. Kwenye Intel chagua kori zote zifuate namba moja. Usiguse mapigo ya msingi ya 100, yanaburuta na vitu vingine ambavyo havikuomba. Voteji nayo usiiache kwenye Auto, maana bodi nyingi zikiona kizidishi kimepanda zinajimiminia voteji kuliko inavyohitajika. Iandike mwenyewe, ile ile uliyoiona prosesa ikitumia kwenye kipimo cha mwanzo.

Panda hatua moja. Hifadhi, washa, endesha OCCT au Prime95, programu za kuitesa prosesa, dakika kumi. Ikipita, panda tena. Kwenye Ryzen unaweza kupanda kwa 0.25, kwa hiyo tumia nafasi hiyo.

Itafika mahali mashine itaganda, itajizima, au italeta skrini ya buluu. Usiogope, hapo ndipo ulipokuwa unapatafuta. Msimbo 0x101 au 0x124 mara nyingi unasema voteji haitoshi kwa kasi uliyoomba. Una njia mbili: rudi hatua moja, au ongeza voteji kwa 0.01 hadi 0.02 ujaribu tena. Mipaka yangu binafsi, ambayo naiweka chini kidogo kwa sababu ya hewa yetu, ni volti 1.35 kwa 2500K na 2600K, 1.25 kwa kizazi cha tatu na cha nne, na 1.35 kwa Ryzen za mwanzo. Ikitaka zaidi ya hapo nairudisha chini, siibembelezi.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, subiri. Bodi nyingi zikishindwa kuwaka mara kadhaa zinarudi zenyewe kwenye mpangilio wa kiwandani. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 dakika tano, irudishe. Nimeshapigiwa simu saa tano usiku na mtu aliyeamini ameua kompyuta ya kaka yake, kumbe ni betri tu.

Hatua ya saba: jaribu saa nane mchana

Mtihani wa usiku hauhesabiki. Ukishapata kasi inayokaa, chagua siku ya jua, saa nane, zima AC kama unayo, uendeshe Prime95 saa mbili. Programu hiyo inachemsha prosesa kuliko kazi yoyote ya kawaida, kwa hiyo ikivuka nyuzi 85 punguza kasi, hata kama haijaanguka. Ikikaa chini ya 80, una prosesa nzuri. Angalia pia kasi yenyewe kwenye HWiNFO wakati wa mtihani. Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguza kimyakimya, na wapo watu wanaojisifu kwa GHz 4.4 wakati mchana wao ni 3.6.

Baada ya hapo ishi nayo wiki moja kwa kazi zako za kila siku kabla hujaiamini na faili za watu.

Ambao hawahitaji haya

Nilisema nitazirudia kompyuta za ofisi. Ukipata HP 8300 au OptiPlex 7010 yenye i7-3770 kwa bei nzuri, ichukue, usiikimbize. Ina kori 4 na nyuzi 8 na itafanya kazi ya stationery au ya kukata video fupi miaka kadhaa. Nyingi zinauzwa na kijiti kimoja cha RAM. Ongeza cha pili kinachofanana nacho, data ipite njia mbili, na kama bado ina diski ya kuzunguka weka SSD. Mabadiliko hayo mawili utayasikia kwa mkono, wakati kukimbiza utakuona kwenye alama za Cinebench. Ila usipange kuhamisha bodi yake kwenye kasha lingine baadaye, pawa saplai na vishimo vya skrubu vya kampuni hizi vina desturi zake.

Wenye laptopu wasikimbize. Wapunguze voteji pale inaporuhusiwa, wabadilishe pesti, basi.

Pepo mbili, mipangilio miwili

Bodi nyingi za Z na za B450 zina sehemu ya kuhifadhi mipangilio kwa majina. Hifadhi miwili. Mmoja uuite Kaskazi, wa kuanzia Desemba hadi Machi hewa inapokuwa nzito, wenye kasi ya chini na voteji ya chini. Mwingine uuite Kusi, wa Juni mpaka Agosti, usiku unapopoa na unaweza kujiachia kidogo. Kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine ni dakika mbili kwenye bayosi.

Ile 2500K ya mfuko wa shati bado ninayo, kwenye bodi ya Z77. Kaskazi yake ni GHz 4.0 kwa volti 1.20. Kusi yake ni 4.4 kwa 1.31, na usiku wa Julai, dirisha likiwa wazi, feni yake haisikiki.